Mkono Unaoepua Sufuria Wastahili Kitambaa Chake

Liko jambo ambalo, tangu nilipoanza kulitazama kwa makini, siwezi kupita karibu na ua wowote wa mji wetu wa Bunia saa za magharibi nisilione. Jua likishapoa, na moshi wa makaa ukianza kupanda kutoka nyua za Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba na Bankoko, utamwona mama wa nyumba, au binti yake aliyetoka shule, akiinama juu ya mbabula, akikunja ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akiishika kwa ncha hiyo midomo ya sufuria inayotokota, akiiepua na kuitua chini kwa haraka, kisha akivipuliza vidole vyake na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Asipokuwa na ncha ya kikwembe hutumia kipande cha katoni, au fulana ya mtoto iliyochakaa, au tambara lile lile alilofutia meza asubuhi, nalo bado lina maji. Hakuna astaajabuye, hakuna aulizaye, na yeye mwenyewe, ukimwuliza, atakuambia kuwa mkono wake umekwisha zoea moto.

Mkono hauzoei moto. Kinachozoea ni moyo, uliofundishwa tangu utotoni kuyahesabu maumivu ya jikoni kuwa ni ada ya mapishi, kama vile machozi ya kitunguu. Nami nasema waziwazi tangu mwanzo wa maneno haya kwamba desturi hiyo ni taksiri, wala si taksiri ya mpishi peke yake, bali ya nyumba nzima, na hasa ya yule ashikaye fedha za nyumba. Kila jiko katika mji huu linastahili jozi ya vitambaa vinene vya pamba, vikavu, safi, vilivyoshonwa kwa kazi moja tu ya kushikia vyombo vya moto. Na nyumba iliyopata fedha za kununua sufuria haina udhuru wa kukosa kitambaa cha kuiepulia.

Najua kwamba wapo watakaosoma hayo wakasema: katika mkoa uliojaa misiba ya vita na uhamisho, je, mtu mzima akalie kuandika habari za kitambaa cha jikoni? Jawabu langu ni kwamba madhara makubwa yana wasemaji wengi, na aghalabu husikilizwa hata kama hayaondolewi; bali madhara madogo yanayorudiwa kila siku, jikoni kwa maskini, mkononi mwa mwanamke asiyelalamika, hayana msemaji hata mmoja. Na tena, kati ya madhara yote yanayotuzunguka, hili ni mojawapo ya machache ambayo twaweza kuyaondoa wenyewe bila kungoja serikali, wala jeshi, wala mfadhili.

Chombo kilibadilika, mkono ukasahauliwa

Wazee wetu wa Ituri, wakulima wa vilima vya Djugu na wavuvi wa ufuo wa Kasenyi na Tchomia, walipika katika vyungu vya udongo juu ya mafiga matatu. Chungu kilikuwa kizito, na udongo hupitisha joto polepole. Chungu kikishakaa juu ya mafiga hakikuchezewa, mpishi alipunguza kuni au kuziongeza, na mara nyingi chakula kilipakuliwa pale pale chungu kilipokaa. Ilipobidi kukiinua, majani ya mgomba yaliyokunjwa yalitosha, au kata ya majani makavu. Mazoea ya mkono yalilingana na chombo chake, na katika hali hiyo huwezi kuwalaumu wazee kwa kutoshona vitambaa ambavyo hawakuvihitaji sana.

Kisha ikaja sufuria ya alumini, nyepesi, yenye kung'aa, isiyovunjika, inayochemsha maji kwa nusu ya subira iliyohitajiwa na chungu, ikaingia katika kila nyumba toka Mahagi hata Mambasa. Neema yake ni kubwa na sikusudii kuikufuru. Lakini sababu ile ile inayoifanya ichemshe upesi ndiyo inayoifanya iunguze upesi: alumini hupitisha joto kiasi cha mara tatu kuliko chuma, kwa hiyo joto la makaa yaliyo chini hupanda ubavuni na kufika mdomoni bila kuchelewa, na mdomo huo ndio mahali pekee pa kuishikia, maana sufuria nyingi zinazouzwa sokoni hazina mpini wala masikio. Hata zile nzito zinazosubiwa na mafundi wetu kutokana na alumini kuukuu, ambazo zina masikio mawili mazuri, masikio yake ni ya madini yale yale, nayo yana moto ule ule.

Fauka ya hayo, mahali pa mafiga pamekuja mbabula, na hapa ndipo ulipo msingi wa jambo lenyewe, ingawa nadhani ni wachache waliolifikiri. Nyumba nyingi za Bunia zina mbabula moja tu. Mbabula moja ina nafasi ya sufuria moja, nacho chakula cha jioni si kimoja: kuna maji ya fufu, kuna sombe ambayo yataka kutokota muda mrefu mpaka uchungu wake uishe, kuna samaki wa chumvi kutoka ziwani, kuna chai ya mzee, kuna maji ya kumwogesha mtoto. Mpishi basi huteleka na kuepua, huepua na kuteleka, akibadilishana vyombo juu ya moto ule mmoja ili vyote viwe tayari kwa pamoja, na kila badiliko ni safari nyingine ya vidole kwenye madini yenye moto. Na mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,275 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa sababu hiyo maharagwe ya Bunia hukaa motoni muda mrefu kuliko yale ya Mombasa au Dar es Salaam, na mara nyingi zaidi yataka kufunuliwa, kuongezwa maji, kupishwa pembeni na kurudishwa. Chombo kimebadilika, moto umebadilika, idadi ya safari imeongezeka mara nyingi, na mkono umeachwa na ule ule ukunjo wa jani la mgomba, ambao sasa umekuwa ukunjo wa kikwembe.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wahenga waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na jiko akilini mwao, lakini sijui methali inayolingana zaidi na kuepua sufuria kwa nguo uliyoivaa. Ili ncha ya kikwembe ifike kwenye mdomo wa sufuria, kiwiliwili chote hakina budi kuinama juu ya moto. Nguo inayolegea upande wa pili huning'inia karibu na makaa ambayo joto lake huzidi kwa mbali nyuzi 600. Na kama sufuria ikiponyoka, maji yake hayamwagiki ardhini bali mapajani na miguuni mwa mpishi, kwa maana amefungwa na chombo kile kwa nguo yake mwenyewe na hawezi kuruka nyuma. Mkono uliokuwa ukilindwa umeuleta mwili mzima hatarini. Hiyo ni kinga ya namna gani?

Zaidi ya hilo, kikwembe cha siku hizi si kile cha zamani. Zamani kitenge kizuri kilikuwa cha pamba, na pamba ikizidiwa na moto hubadilika rangi, hunuka, hutoa moshi, ikampa mtu fursa ya kuiachilia. Leo soko letu limejaa vitambaa vya bei nafuu vilivyofumwa kwa nyuzi za poliesta, vyenye maua na rangi zinazopendeza macho, na poliesta haibadiliki rangi ikakuonya: ifikapo kiasi cha nyuzi 250 huyeyuka, ikawa uji mzito wa moto, ikaganda juu ya ngozi, na daktari atakayeiondoa ataiondoa pamoja na ngozi hiyo. Namna ya kutambua ni nyepesi, na mama zetu wauza vitenge waijua. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uuwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukijikunja, ukanuka kama plastiki na kuacha punje ngumu nyeusi, ni poliesta, na kitambaa hicho kishone gauni ukipenda, lakini kisikaribie mbabula.

Lipo tena kosa la tambara la maji, ambalo huuma zaidi kwa kuwa mtendaji wake hudhani ametenda kwa hekima. Watu wengi hulowesha tambara kabla ya kushika sufuria, wakiamini kwamba maji ni adui wa moto na kwa hiyo yatamkinga mtu. Kinachokinga katika kitambaa si uzi peke yake, ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na hewa ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Ukilowesha kitambaa, hewa hutoka na maji hukaa mahali pake, nayo maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kisha maji hayo, yakiguswa na sufuria ya moto, hugeuka mvuke ndani ya kitambaa chenyewe, na mvuke hutafuta njia kuelekea kiganjani. Mtu hushika sufuria akajihisi salama hatua ya kwanza na ya pili, na katika hatua ya tatu, akiwa amefika katikati ya ua penye watoto, joto humfikia lote kwa mara moja.

Sufuria iliyoponyoka

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo, maana watu wakisikia habari za kuungua jikoni hufikiria kidole chekundu na malengelenge mawili, wakaona ni jambo la kupuuzwa. Kidole si mwisho wa habari. Mkono uliochomwa ghafula huachilia. Haungoji amri ya akili. Sufuria ya maharagwe ikiachiliwa kwa urefu wa kiuno huanguka na kutawanyika pande zote, na katika nyua zetu, ambamo jiko liko chini, moto uko chini, na mtoto anayetambaa yuko chini vilevile akimfuata mama yake kila aendako, si vigumu kujua maji hayo yatamfikia nani kwanza. Maji ya nyuzi 60 huweza kuiunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache. Ya nyuzi 70 huhitaji muda usiozidi sekunde moja. Na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Yaliyotoka motoni sasa hivi yamekaribia nyuzi 96. Mchelea kutoa fedha za kitambaa ndiye atakayetafuta fedha za hospitali.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao sana katika nchi zenye kipato kidogo na cha wastani kama yetu, na kwamba nyumbani ni mahali mojawapo pakuu pa mikasa hiyo. Hao ni waliokufa. Waliobaki na vidole vilivyojikunja visivyonyooka tena, waliobaki na kovu lililovuta kiwiko au shingo, ni wengi kuliko hao. Na hasara ya mkono hupimwa kwa kazi ya mkono: fundi wa cherehani hawezi kuongoza kitambaa, muuzaji wa soko kuu hawezi kupima unga wala kuhesabu faranga, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa hawezi kushika kalamu, na mama anyonyeshaye hawezi hata kumbeba mwanawe. Nyumba iliyokuwa ikila kwa kazi ya mkono huo hukaa siku nyingi ikikopa. Ni nani aliyepata kuandika deni hilo katika hesabu ya sufuria?

Nami siwezi kupita hapa bila kutaja dawa za majirani, kwa sababu zimeharibu mikono ambayo moto peke yake usingaliiharibu. Mtu akiungua hupakwa dawa ya meno, au mafuta ya mawese, au unga, au ute wa yai. Vyote hivyo hufungia joto ndani ya ngozi au huingiza uchafu katika kidonda, na muuguzi hulazimika kuvisugua kabla ya kuona jeraha lenyewe. Kilicho sahihi ni maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20, pete na bangili zikivuliwa mapema kabla mkono haujavimba, kisha kufunika kwa kitambaa safi na kwenda hospitali ikiwa aliyeungua ni mtoto, au ikiwa jeraha liko usoni, mkononi, penye kiungo, au limezidi ukubwa wa kiganja. Dakika 20 za maji yatiririkayo! Katika nyumba ambayo binti hupanda mlima na bidoni kichwani kutoka chemchemi, maji hayo ni mali, na mara nyingi hayapo saa yanapohitajiwa. Asiye na bomba huweza kuyamimina kwa kikombe juu ya beseni na kuyateka tena. Lakini ninyi nyote mwaona kwamba katika mji wa namna hii, kutoungua ni nafuu mno kuliko kutibu.

Kitambaa kilicho bora

Sasa tuseme juu ya kuchagua. Madukani mwetu huonekana glavu za jikoni ziletwazo kupitia Kampala, zenye umbo la mkono lililo na kidole gumba peke yake, zikipambwa kwa picha za matunda na majogoo. Zimebuniwa kwa jiko la namna nyingine: jiko la umeme au gesi lenye tanuri ndani yake, ambalo mtu hufungua mlango, akaingiza mikono yote miwili katika hewa ya moto, akatoa sinia la keki. Hapo glavu inafaa kweli, kwa kuwa huufunika mkono juu na chini hata kifundo. Jikoni kwetu hakuna mlango wala sinia, kuna makaa wazi na mdomo mwembamba wa sufuria, na glavu nene yenye kidole kimoja hushika mdomo huo kwa wasiwasi. Tena, mchuzi ukimwagikia kitambaa cha mraba, wakitupa mara moja. Ukiingia ndani ya glavu, wabaki nao mkononi mpaka uivue. Kwa sababu hizo mbili hukumu yangu ni kwamba kwa mbabula kitambaa cha mraba kilicho kinene ni bora kuliko glavu, na hasa kwa mama wanaokaanga maandazi alfajiri kando ya barabara, ambao mafuta yao hufika nyuzi 170 na zaidi, na ambao hawapaswi kamwe kuvaa kitu kiwezacho kunyonya mafuta hayo na kuyashikiza kwenye ngozi.

Glavu ndefu naiachia kazi moja, na kazi hiyo ina heshima yake: keki au wali wa kupalia makaa. Mpishi aliyeweka makaa juu ya kifuniko hana budi kukiinua kifuniko hicho kwa uthabiti, moto ukiwa juu ya mkono na mvuke ukiwa chini yake, naye anastahili kufunikwa hadi karibu na kiwiko. Anunuapo, ageuze glavu ndani na kutazama bitana yake, kwa maana nje huweza kuwa pamba na ndani kukawa sponji au poliesta.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya kuchezea. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2016 juu ya vifaa vya kumkinga mtu, iliyoanza kutumika tarehe 21 Aprili 2018, uliziingiza glavu za jikoni za nyumbani miongoni mwa vifaa ambavyo sharti usalama wake uthibitishwe kabla havijauzwa, ilhali hapo zamani vifaa vya kujikinga na joto nyumbani viliachwa nje ya sheria. Na kipimo kinachotumiwa huko kwa glavu za kukinga joto ni rahisi kueleweka: glavu hugusishwa kitu chenye moto wa kiasi fulani, kikianzia nyuzi 100 na kupanda, na hutakiwa kumkinga mvaaji kwa sekunde 15 angalau. Twaweza kuuazima mtihani huo bila mashine. Kitambaa chako kinafaa ikiwa waweza kuishika nacho sufuria iliyotoka motoni, iliyo tupu au yenye maji kidogo, ukahesabu polepole mpaka kumi na tano pasipo kusikia uchungu. Ukisikia kabla ya hapo, ongeza tabaka.

Tena hatuhitaji kukiagiza kutoka ng'ambo. Mafundi wa cherehani wa Bunia kila jioni hufagia sakafuni vipande vya vitenge ambavyo havitoshi hata kofia ya mtoto. Chukua viwili vya pamba, vyenye upana wa sentimeta 20 hivi kila upande. Katikati yake weka tabaka mbili au tatu za taulo kuukuu au blanketi la pamba lililochakaa. Pitisha mshono kwa mistari inayokatana, ili tabaka zisikusanyike pembeni na kuacha katikati patupu. Zungusha ukingo imara. Kisha shona kitanzi kimoja kwenye pembe. Wapo wanaopenda kuviunganisha vitambaa viwili kwa mkanda mrefu wa kuvaa shingoni au begani. Katika jiko la tanuri mkanda huo hauna neno. Juu ya mbabula utaning'inia kwenye makaa, nami siupendi. Viwe viwili, viwe mbalimbali, na viwe jozi kweli, kwa sababu sufuria isiyo na masikio yataka mikono miwili inayolindwa sawasawa, wala si mmoja wenye kitambaa na mwingine wenye ujasiri.

Matunzo yake ni machache. Kitundikwe ukutani penye upeo wa mkono wa mpishi, maana kitambaa kilichofichwa kabatini hakitumiwi. Kisifutie meza, kisifute pua ya mtoto, kisikaushie sahani. Siku kikipewa kazi ya pili ndiyo siku kitakapokutwa na maji saa ya kuepua. Kikinywa mafuta kifuliwe kwa sabuni, kwani pamba yenye mafuta hushika moto kama utambi, na kianikwe juani mpaka kikauke hata ndani. Kikitoboka au kikigeuka cheusi katikati, muda wake umekwisha.

Udhuru wa umaskini

Watasema umaskini. Nauheshimu udhuru huo, kwa kuwa naishi ndani yake pamoja nanyi, lakini hapa hausimami. Taulo kuukuu, vipande vya sakafuni kwa fundi, na saa moja ya uzi na sindano: hivyo ndivyo vyote vinavyohitajika. Kilichokosekana si mali, ni kuona kwamba mkono wa mpishi ni kitu cha kulindwa. Katika nyumba ile ile ambayo mama huepua kwa tambara la maji, utaona simu imevishwa gamba la kuilinda isipasuke, na pikipiki ya kijana imefunikwa turubai isinyeshewe. Je, simu ina thamani gani mbele ya mkono unaotulisha?

Nasema na akina baba kwa namna ya pekee, kwa kuwa wengi wetu hatuepui sufuria, na asiyeepua huona kwamba haina moto. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Twajua kuuliza kwa nini chakula kimechelewa, na hatujui kuuliza vidole vina hali gani. Na binti zetu, ambao huanza kuepua sufuria wakiwa na mikono midogo isiyofika mwisho wa mdomo wake, huirithi dharau hiyo kama sehemu ya malezi, wakaambiwa kwamba msichana asemaye ameungua hajui kupika.

Mji huu si mgeni wa kujifunza jambo la mikono. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukaenea Ituri, na ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, ulitukuta hatuna desturi ya ndoo ya maji penye mlango. Muda mfupi baadaye ndoo hizo zilisimama mbele ya makanisa, misikiti, shule na maduka, na mtoto mdogo alimkumbusha babu yake kunawa. Hofu ilitufundisha, ni kweli. Lakini yalibaki maarifa kwamba desturi ya mkono yaweza kubadilika katika watu wote, wasomi na wasiosoma, ikiwa kila mlango utaitaka.

Kwa hiyo maombi yangu yana anwani. Wauza sufuria wa soko kuu na wa Boulevard ya Libération, wekeni jozi ya vitambaa juu ya kila rundo la sufuria, na mwuze sufuria na vitambaa pamoja. Mteja asiyevitaka aviache, lakini aone kwamba vipo. Akina mama wa vyama vya ushonaji, hiyo ni kazi yenye soko ambayo mali yake ghafi inatupwa mbele yenu kila jioni. Wazazi wanaomwandalia binti vyombo vya nyumba yake mpya, msihesabu sufuria tano na vikombe kumi na viwili mkasahau kitu cha kuvishikia. Na ninyi mnaofungasha vyombo kwa ajili ya waliokimbia Djugu tangu Desemba 2017, ambao wengi wao wanakaa katika kambi ya Kigonze na kwingineko chini ya maturubai yaliyobanana, mahali ambapo sufuria ikiponyoka katika kibanda kimoja huwafikia watoto wa vibanda viwili: mnapotia katika kifurushi sufuria, bidoni na blanketi, tieni na vitambaa viwili vya pamba, vilivyoshonwa na wanawake wale wale wa kambini kwa ujira.

Nawe, baba wa nyumba usomaye gazeti hili ukingoja chakula, inuka uende jikoni ukakiangalie kitambaa kilichopo. Kama ni chembamba, au kina maji, au ni nguo ya mtu, toa fedha za jozi mbili kabla sufuria ya leo haijaepuliwa.